Ngosha Chenge, Dereva Aliyekataa Kubeba Watu Waliofungwa Kamba

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Ngosha Chenge atakabidhi funguo za gari la wagonjwa na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya hapa Mabatini kwa miaka thelathini na miwili.

Aliajiriwa Julai 1993, akiwa na miaka ishirini na minane, ametoka kuendesha malori ya pamba kutoka Magu. Tangu hapo ameendesha magari manne, amefanya kazi chini ya waganga wafawidhi tisa, na hajawahi kugonga hata mbuzi. Aliwahi kugongwa yeye na ng'ombe, kule Kisesa, gari likiwa limesimama. Ripoti yake ya tukio bado ipo kwenye faili, ameiandika kwa mkono: "Nilikuwa nimeegesha. Ng'ombe alikuwa na haraka kuliko mimi."

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Hellen, muuguzi kiongozi wa kitengo cha afya ya akili, niandike wasifu huu, kwa sababu nimefanya kazi na Mzee Ngosha miaka kumi na tisa. Waliniomba uwe mfupi na wa kuchangamsha. Niliandika mara tatu ule wa kuchangamsha, na mara tatu nikauchana, maana kila nilipoumaliza niliona nimeandika habari za mtu mwingine. Nikamwendea mwenyewe kumwuliza kama naweza kuandika yote, pamoja na habari za binti yake, Gladness. Akasema hilo nikamwulize Gladness. Gladness alifikiri siku mbili, kisha akaniambia, "Andika, dada Hellen. Ila usiniandike kama marehemu."

Basi nianze na yanayochekesha, kwa sababu yapo.

Wafanyakazi vijana wanamjua Mzee Ngosha kwa utani wake. Kuna mgonjwa mmoja tuliyemfuata Pasiansi, mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameshikilia kwamba yeye ni mkuu wa mkoa. Ndugu zake walikuwa wamebishana naye tangu asubuhi mpaka sauti zimewakauka. Mzee Ngosha aliposhuka garini alisimama wima, akapiga saluti, akasema, "Mheshimiwa, gari lako limefika." Mheshimiwa akapanda mwenyewe. Njia nzima, kila tulipofika njia panda, dereva aliomba ruhusa ya kukata kona. Pale Buzuruga, mabasi yalipotuzibia njia, mheshimiwa alichungulia dirishani akamwambia, "Wape nafasi, ni wananchi wangu." Tulifika bila sindano na bila purukushani. Alipopona, yule mwalimu alikuja kutushukuru, akamwuliza Mzee Ngosha kwa aibu, "Hivi ni kweli nilikuruhusu kukata kona?" Naye akamjibu, "Na hujawahi kunikatalia hata moja."

Sasa nieleze ni wapi alijifunza kuwachukulia wagonjwa hivyo. Hakufundishwa na sisi.

Mwaka 1996 alitumwa kijiji kimoja cha wavuvi kupita Kayenze, kumchukua mwalimu wa hesabu aitwaye Jonathan. Mwalimu Jonathan alikuwa amechanganyikiwa, na ndugu zake walikuwa wamemfunga mikono kwa kamba ya nailoni, ile ya kuvutia nyavu, siku nne mfululizo. Wakati ule utaratibu wetu ulikuwa kwamba mgonjwa wa akili anabebwa jinsi alivyokabidhiwa. Aliyekabidhiwa amefungwa, anafika amefungwa. Ngosha akampakia nyuma, akaondoka.

Barabara ilikuwa mbaya, safari ikachukua zaidi ya saa mbili. Mwalimu alikuwa ametulia. Mara kwa mara alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dereva, naomba unilegezee kidogo." Na kila mara Ngosha alimjibu, "Vumilia mwalimu, tunakaribia kufika."

Walipofika, kamba ilikuwa imezama kwenye nyama. Mikono ilikuwa imebadilika rangi. Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kifundo, na wa kushoto ukabaki na vidole viwili. Akili ya Mwalimu Jonathan ilirudi baada ya wiki tano za dawa. Mikono haikurudi. Hakushika chaki tena.

Ngosha alikuwa akimtembelea kila Krismasi, mpaka mwalimu alipofariki mwaka 2001. Aliwahi kumwomba msamaha. Mwalimu akamwambia, "Hukunifunga wewe." Ngosha akasema, "Sikukufungua." Hapo, anasema Mzee Ngosha, wote wawili waligeuka kutazama ziwa.

Baada ya safari ile alimwambia bosi wake kwamba gari lake halitabeba tena mtu aliyefungwa kamba. Aliambiwa si kazi ya dereva kupanga hayo. Akaendelea hivyohivyo. Akifika kwa mgonjwa, alimsalimia mgonjwa kwanza, kabla ya ndugu. Kama ni mkubwa kwake, shikamoo. Alikaa chini kwenye vumbi, mbali kidogo, akaomba maji, akanywa yeye kisha akampa na mwenzake. Alisubiri, wakati mwingine saa mbili, wakati mwingine tatu. Halafu alifungua. Wapo waliomng'ata, na ndiyo sababu sikio lake la kushoto lina pengo. Mmoja alimvunja mbavu mbili. Kwenye faili lake nimekuta barua mbili za onyo, zote za mwaka 1999, kosa: "kuchelewesha wagonjwa." Mwaka 2006, mimi nilipofika hapa, kufungua kamba kulikuwa kumeshakuwa utaratibu wa kituo kizima. Nilidhani umetoka wizarani.

Wasifu wa kawaida ungeishia hapa, tupige makofi.

Mke wa Mzee Ngosha alifariki mwaka 2011, akabaki na Gladness, mtoto wao pekee. Gladness alisoma upishi, akaolewa na Obedi, fundi wa injini za boti, na Machi 2018 akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Queen. Wiki ya tatu usingizi ulimwisha. Alikuwa anaongea mfululizo, anapiga deki nyumba iliyokwisha pigwa deki, na alianza kusema yule mtoto si wake, wake amebadilishwa. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wazazi baada ya kujifungua, na ukiwahiwa unatibika. Hawakuuwahi. Ndugu za Obedi walimpeleka kwenye maombi siku sita, kisha wakamleta Mabatini kwa baba yake, wakamshusha pamoja na mtoto na begi la nguo. Obedi alisema, "Baba, mimi nimeshindwa," akaondoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kama saa nne asubuhi, watu wanatoka kanisani, Gladness alitoka ndani bila nguo, mtoto amembeba mkono mmoja, anaelekea barabarani. Mzee Ngosha alimkimbilia. Wakavutana, mtoto nusura aanguke. Watu walijaa haraka, na simu nyingi zilikuwa juu zinarekodi. Jirani mmoja alimpokea mtoto. Na Mzee Ngosha, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefungua watu kuanzia Ilemela mpaka Misungwi, alikata kamba ya kuanikia nguo uani kwake na kumfunga binti yake mikono kwenye nguzo ya bomba la maji.

Anasema hakumbuki kuikata. Anakumbuka kufunga tu, na kwamba alifunga sana.

Jirani yake mwingine, Paskazia, mama anayeuza dagaa, alikuwa anarudi kutoka misa ya kwanza. Alipasua katikati ya watu, akasimama.

"Baba Gladi! Umefanya nini?"

Mzee Ngosha alikuwa bado ameshika ncha ya kamba.

"Si wewe unayetukataza siku zote? Si wewe?"

"Hao nakatazaga ni watoto wa watu," akasema. "Huyu ni wangu."

Paskazia alifungua kanga yake ya juu, akamfunika Gladness. Akakaa chini kwenye matope ya bomba na gauni lake la kanisani, akamshika kichwa, akaanza kuifungua ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Vijana walikuwa bado wanarekodi. Akawageukia. "Mna mama zenu nyinyi? Zimeni hizo simu. Kama mnataka picha, nipigeni mimi." Wanawake wengine wakaanza kusogea mmojammoja, wakatandaza kanga zao kuzunguka pale, zikawa kama ukuta, na watu wa nje hawakuona tena kitu. Ndani ya ukuta ule Gladness alilia, kisha akasinzia kwenye mapaja ya Paskazia.

Gari letu lilimpeleka hospitali kubwa, likiendeshwa na dereva wa zamu. Alilazwa wiki sita. Kwa kuwa hakuwa na mama, wanawake wa mtaa ule walipangiana zamu, wawiliwawili, na hakuna siku iliyopita bila mtu kando ya kitanda chake. Paskazia ndiye aliyepanga. Hakuwa amesomea chochote kuhusu ugonjwa wa akili. Nilipomwuliza alijuaje la kufanya, alinishangaa. "Kwani kuna la kujua? Mtu anaumwa, unakaa naye."

Katika wiki ya pili ya hizo sita, Obedi alikuja Mabatini akamchukua mtoto, akahamia naye Sengerema.

Jumatatu iliyofuata ile Jumapili, katika kikao cha asubuhi, Mzee Ngosha alinyoosha mkono. Madereva huwa hawasemi kitu katika kikao kile. Alisimama, akasema, "Jana nimemfunga mwanangu kamba. Nataka mlisikie kutoka kwangu." Akabaki amesimama. Alikuwa anasubiri mtu aseme lolote, hata kumlaumu. Tulikuwa watu ishirini na watatu chumbani, wengi wetu wenye vyeti. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikatazama viatu vyangu. Mganga mfawidhi wa wakati ule alikohoa, akasema tuendelee na ajenda ya glavu.

Mzee Ngosha akakaa.

Wiki ile aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Miaka yote hii nilikuwa nawaona wale ndugu ni watu wabaya. Kumbe si ubaya. Ni mtu ameogopa mbele za watu." Toka hapo alibadilisha kazi yake. Akishamfungua mgonjwa, hakuondoka. Alikaa na ndugu waliofunga, akawaambia wazi kwamba naye alishafunga. Aliwaita majirani, akauliza, "Nani hapa anaweza kukaa naye akirudi?" Nilikuwepo mara nyingi alipouliza swali hilo. Zipo sehemu ambazo mtu alijitokeza, bibi mmoja kule Igoma, mchungaji mmoja, kijana fundi baiskeli. Sehemu nyingi zaidi watu walitazamana, kisha wakakumbuka kwamba wana shughuli.

Gladness alipona. Nasisitiza neno hilo kwa sababu wengi humu ndani bado hawalitumii. Mwaka 2020 aliomba ruhusa ya kuuza chai na chapati langoni kwetu, akapewa. Alifika saa moja asubuhi, meza safi, hotipoti mbili, chai ya maziwa yenye tangawizi. Chapati zake, kwa waliokwisha zionja, hazina mfano Mabatini nzima.

Hatukununua.

Sisi ndio tunaokwenda mashuleni na misikitini na makanisani kuwaambia watu kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama malaria. Siku kumi na moja tulipita kwenye meza ile tukamsalimia vizuri sana, tukaenda kunywa chai upande wa pili wa barabara. Aliyekula ni baba yake peke yake. Siku ya saba muuguzi mmoja, akiwa langoni na wenzake, alisema kwa sauti ambayo Gladness aliisikia, "Sasa akitia kitu je?" Muuguzi huyo ana stashahada ya afya ya akili. Ni mimi.

Nimeomba niliandike hapa kwa jina langu. Kamati ilipendekeza niandike "baadhi ya watumishi."

Siku ya kumi na mbili, Mama Sheetal alivuka barabara. Wote tunamjua, ndiye mwenye duka la vitambaa linalotazamana na lango letu, duka aliloachiwa na marehemu mumewe. Amezaliwa hapahapa Mwanza, na kila mwaka sikukuu ya Diwali hutuletea peremende. Alikuwa ameiona meza ile kutoka kaunta yake tangu siku ya kwanza. Alisimama mbele ya Gladness.

"Zimebaki ngapi?"

"Zote, mama."

"Nipe mbili. Na chai. Nakula hapahapa."

Alikaa kwenye benchi, akala taratibu, watu wanapita wanamtazama. Alipomaliza aliomba chai ya pili. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akasema kwa sauti ya mtu anayeita bei dukani, "Mnasema mwanangu Kushal yuko Leicester, Uingereza. Mimi ndiye niliyewaambia. Hayuko Leicester. Yuko pale juu, dirisha la pili. Miaka kumi na minne."

Sote tuliinua macho. Pazia lilikuwa la kijani.

Wiki hiyohiyo Mzee Ngosha alipanda ngazi za duka lile, akakaa sakafuni nje ya mlango wa Kushal siku tatu, baada ya kazi. Siku ya nne walishuka pamoja. Kushal alikuwa na miaka thelathini na mitano, mweupe kama karatasi, anapepesa macho kwa jua. Walitembea hadi kona na kurudi. Wengine walisimama kuangalia. Paskazia alimpungia mkono kutoka kwenye dagaa zake.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hiral, dada yake Kushal, alikuwa amechumbiwa na familia ya wafanyabiashara, na uchumba ule ulivunjika mwezi haujaisha. Walisema hawakujua kama "kitu kile" kipo katika ukoo. Hiral alihama mji, na kwa muda mrefu hakuongea na mama yake. Nilimwuliza Mama Sheetal kama anajuta. Akasema, "Walichokuwa wananitishia nacho kimeshatokea. Sasa niogope nini?" Lakini alikuwa analia alipokuwa akisema.

Yeye, Paskazia na Mzee Ngosha ndio walioanzisha kikundi cha Alhamisi, ambacho hukutana kwenye ghala la Mama Sheetal, katikati ya majora ya vitenge. Wanakuja wagonjwa na wanaoishi nao. Wanakunywa chai ya Gladness. Wanakumbushana dawa, wanasindikizana kliniki, na mmoja akianza kukosa usingizi wengine wanapeana zamu ya kukaa kwake. Kuna watu walio hai leo kwa sababu ya ghala lile. Wakati fulani familia zilifika thelathini na nne. Sasa zimebaki kumi na tisa. Baadhi wamehama. Baadhi waliolewa au kuoa, na wenza wao hawataki waonekane pale. Wengine hutusalimia sokoni kwa macho tu.

Kushal alifariki mwaka 2022, kwa ugonjwa wa mapafu uliogunduliwa umechelewa, kwa sababu kila alipokwenda kutibiwa kifua aliulizwa habari za kichwa. Alikuwa ametembea mtaani miaka miwili. Mama yake huihesabu kwa miezi, na husema ilikuwa ishirini na mitatu.

Nalazimika pia kueleza safari ya Sengerema. Agosti 2023 Mzee Ngosha alichukua likizo, akavuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda kumwona mjukuu wake. Obedi alikuwa ameshaoa tena. Queen alikuwa anacheza nje, ana miaka mitano. Akaja kumwamkia mgeni, kama watoto waliolelewa vizuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Unanijua?"

"Hapana."

"Mimi ni babu yako. Mimi ndiye baba wa mama yako."

Mtoto akaonesha jikoni. "Mama yupo ndani."

"Mama yako aliyekuzaa."

"Aaa. Yule alifariki nikiwa mdogo," akasema, akarudi kwenye mchezo wake.

Obedi alitoka, akamsogeza pembeni kwa heshima zote. Hakufoka. "Baba, nakuomba usije tena. Ikijulikana, huyu mtoto ataolewa na nani?"

Mzee Ngosha alirudi na kivuko cha jioni. Alikaa siku nzima ya pili bila kumwambia binti yake, kisha akamwambia, kwa sababu alikuwa ameapa kutomficha kitu tena. Gladness alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda. "Bora hivyo," alisema. "Akijulikana mama yake ni chizi, shuleni watamcheka. Wa marehemu hachekwi."

Novemba ile ugonjwa ulimrudia, akalazwa mwezi mzima. Zamu za mtaa zilirudi, safari hii zikiwa na watu wachache zaidi. Paskazia alichukua zamu tatu kwa wiki. Januari meza ilifunguliwa tena langoni. Siku hizi wengi wetu tunanunua. Nami nanunua. Hanichukii, na jambo hilo linanisumbua kuliko kama angenichukia.

Ningekuwa nimefikia mwisho, kama si kikao cha mwezi uliopita.

Kamati ya sherehe ya kumuaga Mzee Ngosha ilikaa Mei 20, wajumbe kumi na mmoja, mimi nikiwa katibu. Ilipofika ajenda ya chakula, mjumbe mmoja alipendekeza Gladness apike, kwani ni mtaalamu, tena ni sherehe ya baba yake. Mwingine akasema kutakuwa na wageni wa halmashauri. Akauliza, "Wageni watajisikiaje?" Hakuna aliyesema jambo baya. Hakuna aliyesema jambo lolote. Nilikuwa na kalamu mkononi, na nilijua kabisa kwamba ile ilikuwa ajenda ya glavu imerudi. Niliandika: "Kamati ilikubaliana kutafuta mpishi mwingine."

Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Siku mbili baadaye nilishindwa kuvumilia, nikampelekea Mzee Ngosha ule muhtasari. Alikuwa anaosha gari. Alikausha mikono, akausoma mpaka mwisho, hata sehemu ya mapambo. Akaukunja. "Ahsante Hellen kwa kuniletea," akasema, akarudi kwenye gari lake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyesukuma jiwe mlimani maisha yake yote na sasa analiangalia linavyoteremka. Asubuhi yake barua ilikuwa mezani kwa mganga mfawidhi: "Sherehe isiwepo. Nashukuru."

Kwa hiyo haitakuwepo, na wasifu huu, uliokuwa usomwe ukumbini, mnausoma kwenye jarida la kituo.

Tumeshindwa wapi? Watu hawafungwi tena kamba kwenye gari letu, na hilo ni kubwa, ni kazi ya mtu mmoja. Lakini kila nikiwaza kwamba tumemaliza, nakuta tumebadilisha tu aina ya kamba. Wanawake wa mtaani waliokaa kwenye matope walitushinda sisi wenye makoti meupe, na bado wanatushinda. Mzee Ngosha anaondoka, na sijui ni nani atakayefika kwenye uwanja wa mtu aliyechanganyikiwa, akamwamkia yeye kwanza. Dereva mpya ni kijana mzuri. Juzi aliniuliza kama kituo kinampa glavu maalumu kwa ajili ya "wale."

Jumamosi, Julai 5, kuanzia saa sita mchana, watu wa mtaa wa Mzee Ngosha watakula naye chakula nyumbani kwake. Hakuna kadi. Gladness ndiye anapika: pilau, samaki, na chapati. Mama Sheetal atakuwepo. Paskazia ameniuliza nimpe idadi ya sahani za watu wa kituoni, apate kuazima mapema. Nimemwambia aandike yangu, na kwamba zilizobaki nitamjibu Ijumaa. Karatasi ipo kwenye dirisha la mapokezi. Leo, siku ya tatu tangu niibandike, ina majina manne.

Mzee Ngosha, kwa niaba ya wote uliowafungua, na wale ambao hatukukusaidia kuwafungua, ahsante. Ahsante kwa subira yako kwenye vumbi la watu, na kwa kusimama kikaoni siku ile ukasema, ingawa tulikuacha umesimama peke yako. Nenda ukapumzike, mzee wetu. Tunakuombea afya, tunamwombea Gladness usingizi, na nyumba yenu isikose watu.